Atajwe wa Mwisho

Umekiona. Usiniambie hukukiona. Kisanduku chekundu kilijitokeza katikati ya kioo cha kompyuta, kikasema kuna jambo halikwenda sawa, nawe ukatafuta kitufe cha Funga haraka haraka kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Ulikuwa na shughuli zako. Kazi ilionekana inaendelea. Ukajisemea wapo watakaoshughulika nacho, wataalamu, wasomi, hao waliotengeneza. Kesho yake kikarudi, ukakifunga tena.

Ndivyo tulivyo. Mwaka wa tetemeko la Bukoba, nyufa zilikuwa ukutani kabla ardhi haijatikisika. Tulizipaka chokaa tukaendelea kulala ndani. Sasa kaa usikilize habari za nyumba moja ya Nyanga, mtaa wa Bukoba, na za jina lililopotea nyuma ya kisanduku ambacho mtu kama wewe alikifunga.

*

"Nani hapa anaandika wafu?"

Mwanamke aliyeuliza alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kidogo cha redio moja ya pale Bukoba mjini, kanga ya kichwani imelowa mvua. Yunus aliivua hedifoni sikio moja.

"Ni mimi, dada. Karibu. Pole na mvua."

"Sijaja kupewa pole. Nimetoka Kemondo kuuliza neno moja tu, nijibiwe niondoke."

Surua ilimwondolea Yunus macho akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kazi yake pale redioni ilikuwa kuchapa matangazo ya vifo. Watu wa vijijini walipiga simu, yeye akasikiliza na kuandika: marehemu ni nani, amefia wapi, anazikwa lini; kisha wale ambao habari ziwafikie, kila jina kwenye mstari wake. Programu ya kusoma kwa sauti ilimrudishia kila alichoandika, naye hakubonyeza kitu mpaka ameridhika. Halafu alibonyeza kitufe kimoja. Skripti, yaani orodha ya amri aliyoitunga mwenyewe, kwa ile lugha ndogo iliyomo ndani ya programu yake ya kuandikia, iliyapanga maneno yote kwa herufi kubwa na kuyapeleka kwenye printa. Joackim, mtangazaji, alikuja kuichukua karatasi akaenda nayo studio.

"Uliza, dada," alisema Yunus.

"Naitwa Kokushubila. Baba yangu ni Mzee Rugaibula wa Muleba. Mmetangaza kifo chake juma lililopita. Nilikuwa naanika dagaa. Nikasikia jina la baba, nikasimama. Nikasikia kaka yangu Mutalemwa anatajwa, shangazi zangu wanatajwa, wakwe wanatajwa, mpaka jirani aliyekuwa anamkamulia ng'ombe. Halafu mkasema ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo, mkapiga wimbo." Alifuta maji ya mvua usoni. "Wanawake wenzangu wote pale mwaloni, ufukweni, walikuwa wananiangalia. Mimi nikainama, nikaendelea na dagaa. Sasa niambie. Kule nyumbani hawakunitaja, au ninyi mliniacha?"

Yunus aliivua hedifoni yote. Kisha akasema, "Nilikuandika, dada. Nakukumbuka vizuri kwa sababu mama yako alinisumbua. Nilimwambia, mama, tangazo huwa linaishia kwa jamaa na marafiki. Akakataa. Akasema, baada ya hao wote umtaje binti yangu Kokushubila, aliyeko Kemondo. Atajwe wa mwisho."

"Usinidanganye ili kunituliza."

"Subiri." Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi. Sauti ya kike isiyo na uchungu wowote ilitoka kwenye spika, ikasoma mistari ya tangazo mmoja mmoja, na mwishoni ikasema: na binti yake Kokushubila aliyeko Kemondo.

Mwanamke yule alijishika kifua. Joackim, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, alisimama.

"Mimi jina hilo sikulisoma," alisema. "Karatasi ninazo pale kabatini, naweza kuleta." Akaleta. Akaisoma kwa sauti, akafika kwa jamaa na marafiki, akaigeuza karatasi upande wa pili kana kwamba jina limeangukia huko. Akamgeukia Yunus, ambaye alizoea kumwita Shehe. "Shehe, hapa jina halimo. Yaani, huyu dada hayumo."

"Basi mmoja wenu ni mwongo," alisema Kokushubila. "Na huyu mwenye kompyuta anaweza kuwa ameniandika sasa hivi, mimi nikiwa nimesimama hapa."

*

Ili usije ukasema mambo ya watu wa Muleba huyajui, sikiliza. Kokushubila aliolewa na Ismail, kuli wa bandarini Kemondo, Mwislamu. Mzee Rugaibula, aliyebeba msalaba wa mbele kila Ijumaa Kuu, alimwambia binti yake asikanyage tena kibanja chake, shamba la migomba lenye makazi ya ukoo. Simu zikakatwa, namba zikabadilishwa, miaka ikapita. Mzee alipokuwa kitandani alilainika. Alimwuliza mkewe Edvina, huyu mtoto wetu anakula nini huko? Hakuna aliyekuwa na namba ya Kokushubila. Njia iliyobaki ilikuwa redio, kwa sababu redio humfikia hata uliyekosana naye.

Na kwetu asiyetajwa haendi. Mtu husikia kifo cha baba yake mzazi, akasubiri jina lake, lisipotajwa akabaki kwake. Utasema ni kiburi. Sawa, ni kiburi. Lakini nani atakwenda kusimama kwenye kaburi ambalo wenyewe wamemwonyesha hawamhitaji? Kwa hiyo Muleba walizika huku Edvina akiangalia barabara, na Kemondo binti akageuza dagaa. Mama aliamini mwanawe amesikia akakataa. Mwana aliamini mama amemfuta. Jumamosi iliyokuwa inakuja matanga yangeanuliwa, ukoo ungekaa, na watoto wa Rugaibula wangesimamishwa mmoja mmoja mbele ya watu. Asiyesimama siku hiyo, hasimami tena.

"Nenda kwa mama yako, dada," Yunus alimwambia siku ile. "Nenda tu, umweleze."

"Niende na nini? Na sauti ya kompyuta yako?" Kokushubila alikuwa ameshageukia mlango. "Kemondo nzima ilisikia sikutajwa. Mliponiacha ni palepale redioni. Mnitaje palepale, nami nitakwenda."

*

Kaijage, meneja wa redio, aliingia akiwa ameshapata habari. Alikuwa mtu wa suti na kikohozi kifupi cha kutafuta heshima. Mchana ule Safina, mke wa Yunus, alikuwa amekuja kumletea mumewe chakula, ndizi na maharage kwenye hotpoti. Kaijage akamgeukia Safina.

"Mama, mwambie mumeo hili ni jambo zito."

"Mume wangu haoni, bosi. Kusikia anasikia."

Joackim alicheka, akaacha. Kaijage alichukua karatasi ya tangazo akampungia Yunus usoni, kisha akakumbuka, akaiweka mezani.

"Yunus, huyo Mutalemwa amenipigia simu. Anasema ulipiga kumtafuta mama yake, yeye akapokea; usithubutu kupiga tena. Anasema umehongwa na dada yake uje kubuni jina baada ya mazishi, apate mgawo wa kibanja. Na dada yake anasema umehongwa na Mutalemwa ulifute. Sasa wewe umekula pande mbili?"

"Sijala upande wowote. Bosi, mtaje huyu dada hewani. Tangazo fupi tu, kabla ya Jumamosi."

"Nitangaze kwamba redio yangu inapoteza watoto wa marehemu? Kwa lipi? Kwa neno lako? Niletee ushahidi kwamba ni mashine. Vinginevyo kosa ni lako, na wewe mwenyewe unajua watu walivyosema nilipokuajiri."

Watu walisema nini? Walisema redio si kituo cha wasiojiweza. Uliwasikia. Labda ulikuwa mmoja wao.

Kaijage alipoondoka, Yunus alirudi kwenye kiti chake. Alifungua tangazo la Rugaibula, akabonyeza kitufe kama siku zote. Printa ikanguruma, ikatema karatasi.

"Soma," alimwambia mkewe.

Safina akaishika karatasi. "Inaishia kwa marafiki. Jina halipo." Kisha akainamia kioo. "Na hiki kisanduku chekundu ni cha nini?"

"Kisanduku gani?"

"Kiko hapa katikati. Kimeandikwa Kiingereza. Kina neno kosa, kina namba ya mstari."

Yunus aliweka mikono juu ya meza. Sauti ya kompyuta haikuwa imesema kitu. Kisanduku kile kilichorwa kwa namna ambayo programu ya kusoma haikukigundua; kwake chumba kilikuwa kimya kama kawaida.

"Ah, hicho?" Joackim alisema kutoka dirishani. "Hicho kinatokea kila mara tangu kompyuta ilipojisasisha. Bonyeza Funga tu. Mimi nikija kuchukua karatasi huwa namfungia Shehe, asikwame."

Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi.

"Kila mara?" aliuliza Yunus.

"Eeh. Kila tangazo."

"Joackim. Kila tangazo, na hujaniambia?"

"Nilidhani ni takataka za kompyuta, bwana. Karatasi inatoka, mimi nasoma, watu wanazika. Ningejuaje?" Lakini alikuwa ameshalivuta kabati, anazitoa karatasi za nyuma, anazisoma miisho yake, na uso wake ulikuwa unabadilika. Karatasi za majuma mengi zilikuwa hazina ndugu, jamaa na marafiki. Mstari ule wa mwisho ulikuwa unaliwa kila siku, na yeye alikuwa akiutamka kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia Amina. Mdomo wake ulikuwa umeziba shimo. Ndipo siku mama mmoja wa Muleba alipoomba jina la mwanawe likae nyuma ya maneno ambayo hakuna anayeyasikiliza, shimo likammeza mtoto.

*

Nyumbani Nyanga kulikuwa na laptopu kuukuu ambayo bawaba zake zilifungwa kwa uzi wa cherehani. Haikuwa imesasishwa, kwa kuwa Yunus hakupenda kuilisha bando. Asubuhi, kabla Safina hajafungua kazi zake za ushonaji, waliiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Skripti ileile, tangazo lilelile. Safina akasoma kioo: majina yote yapo, Kokushubila wa mwisho.

"Basi si wewe," alisema Safina, na sauti yake ikavunjika kidogo, kwa sababu usiku mzima alikuwa amejiuliza bila kumwambia.

"Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani umechoka. Mtu huchoka."

Yunus alivuta kiti karibu. Aliunganisha simu na laptopu, akatafuta mahali ambapo watengenezaji wa programu ile hupokea taarifa za makosa. Programu ilikuwa ya bure, ya watu waliotawanyika duniani, wanaojitolea. Akaandika kwa Kiingereza chake cha shule, kwa hasira. Aliandika kwamba toleo lao jipya limemtoa binti kwenye mazishi ya baba yake. Aliandika habari za Mzee Rugaibula, za mama aliyeangalia barabara, za kanga iliyolowa. Akaituma, akakaa kama mtu aliyetua mzigo.

Jibu lilikuja mchana. Safina alikuwa kwenye cherehani. Aliposikia sauti ya kompyuta ikisoma, aliondoa mguu kwenye pedali. Mtu aliyejibu alitoa pole kwa maneno machache. Kisha akauliza: Ulifanya nini? Ulitarajia kitokee nini? Kilitokea nini? Tupe mfano mdogo kabisa ambao sisi wenyewe tunaweza kuujaribu.

"Umesikia?" Yunus alisimama, akagonga goti kwenye meza. "Nimewaeleza msiba, wananiuliza mfano! Mfano mdogo! Hawa wana moyo kweli?"

"Kaa chini, baba Maulida."

"Sikai. Naachana nao."

"Kaa." Safina alikata uzi kwa meno. "Mteja akija hapa na gauni, akaniambia mumewe amemkimbia siku ya harusi ya mdogo wake, nitampa pole, nitamwekea na chai. Lakini ulipofumuka mshono lazima anionyeshe. Siwezi kushona kilio. Waonyeshe ulipofumuka."

Yunus alikaa. Akaanza kupunguza. Aliondoa marehemu, akaondoa mahali na siku. Aliondoa wakwe, shangazi, jirani mkamua ng'ombe. Kila alipoondoa mstari alijaribu tena, ahakikishe toleo la zamani bado linatoa yote, na Safina akamsomea. Skripti nayo ikapunguzwa mpaka ikabaki amri moja: pita kila mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, uuchapishe. Mwishowe tangazo lote likabaki maneno matatu, kila moja mstari wake. Baba. Mama. Mtoto.

Alimtuma Safina kwa Joackim ofisini na maneno hayo kwenye flashi, ayajaribu kwenye toleo jipya. Joackim aliyachapa yeye mwenyewe, mara nyingi kuliko alivyoombwa. Kila mara zilitoka baba na mama. Mtoto hakutoka. Akijaribu kubonyeza Enter baada ya neno la mwisho, mtoto alitoka. Asipobonyeza, mtoto alipotea, kisanduku chekundu kikajitokeza. Joackim hakukifunga. Alikinakili neno kwa neno kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, akampa Safina.

"Mwambie Shehe," alisema, akashindwa kumalizia.

Yunus aliandika upya. Hakuweka kilio. Nimeandika mistari mitatu. Nilitarajia mitatu. Nimepata miwili. Toleo la zamani hutoa mitatu. Maneno ya kisanduku ni haya.

Kesho yake jibu lilikuwepo. Mtu yuleyule alisema: Nimeliona kwangu pia. Ni kosa letu. Tulipokuwa tunatengeneza jambo jingine kuhusu mistari mitupu, tumevunja kilichokuwa kizima. Limerekebishwa, toleo jipya liko tayari. Maneno yako matatu nimeyaweka kwenye majaribio yetu, ili kila tunapobadilisha kitu tuhakikishe yanatoka yote. Akamalizia: kinachonisikitisha ni kwamba toleo lenye kosa limetumiwa na watu wengi sana kwa majuma mengi, na wewe ndiye wa kwanza kutuambia.

Sauti ya kompyuta ilisoma sentensi hiyo ya mwisho bila uchungu, kama inavyosoma kila kitu. Safina aliomba isomwe tena.

*

"Kwa hiyo imetengenezwa?" Kaijage aliuliza.

"Imetengenezwa, bosi. Wameandika wenyewe kwamba ni kosa lao. Huo ndio ushahidi uliotaka."

"Namshukuru Mungu. Basi yamekwisha."

"Hayajakwisha. Jina halijatajwa. Matanga yanaanuliwa kesho."

Kaijage alikohoa kikohozi chake. "Yunus, fikiri. Kosa likiwepo, nitangaze kwamba lipo, watu wanielewe. Lakini sasa halipo tena. Nitangaze nini? Unajua misiba iliyopita hapa kwa majuma yote hayo? Kila aliyekosana na ndugu zake atapanda ngazi hizi kusema redio ilimfuta. Kesi za vibanja zitahamia kwangu. Imetengenezwa, shukuru, rudi kazini."

Ndiyo hila yao, wenye ofisi. Kosa likiwa bichi wanasema lete ushahidi. Ukiuleta, wanasema limekwisha.

Yunus alisimama, fimbo yake mkononi. "Bosi, mashine imepona. Yule dada hajapona."

"Mwambie mkeo aje akuchukue," alisema Kaijage.

Mlango ulikuwa wazi. Joackim alikuwa kwenye korido, na karatasi za mchana mkononi.

Mchana ule Safina alikuwa anapiga pindo la sare ya shule. Redio ilikuwa juu ya rafu ya vitambaa. Matangazo ya vifo yalisomwa, moja la Kanazi, moja la Bukoba mjini. Joackim akafika kwa ndugu, jamaa na marafiki. Akanyamaza. Redio ikawa kimya mpaka Safina akadhani umeme umekatika.

"Msikilizaji," alisema Joackim, na haikuwa ile sauti yake ya kazini. "Tulitangaza kifo cha Mzee Rugaibula wa Muleba. Kwenye tangazo lile tuliacha jina. Mama Edvina, mke wa marehemu, alilisema, mwandishi wetu akaliandika, kompyuta ikalila. Kosa lilijionyesha hapa ofisini, na mimi nililifunga kwa mkono wangu huu, siku nyingi, bila kulisoma. Habari zimfikie binti yake, Kokushubila, aliyeko Kemondo. Mama yake alitaka atajwe wa mwisho."

Hakupiga wimbo.

*

Walikwenda Muleba wote wawili, Safina na mumewe, kwa sababu Edvina aliomba simu ya jirani akapiga: anayeandika aje, nimwone. Walikuta watu wamekaa migombani kwa mafungu, wanaume huku, wanawake kule. Mtu mmoja alimwuliza Safina, "Huyu naye anakunywa rubisi, pombe ya ndizi?" Yunus akajibu mwenyewe kwamba angependa chai.

Kokushubila alifika na Ismail wakati wazee wa ukoo wameshaanza kusema. Ismail alibaki nje ya ua, kofia mkononi. Mutalemwa alimwona dada yake, akainuka.

"Wageni wanakaa kule."

"Sijaja kukaa."

"Umekuja kwa kibanja. Kuzika hukuja, kugawana umekuja! Ulimzika nani wewe?"

"Mutalemwa, nyamaza," alisema mzee mmoja, lakini bila nguvu, kwa sababu swali lilikuwa la kila mtu.

Edvina alitoka ndani. Alikuwa amesinyaa kuliko binti alivyomkumbuka. Hakumkumbatia. Alisimama mbele yake, akamwuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Ulisikia baba yako amekufa?"

"Nilisikia, Maawe."

"Ukakaa."

"Sikutajwa."

"Nilikutaja." Alimgeukia Yunus, ambaye Safina alikuwa amemsogeza karibu. "Nilimtaja, waitu, ndugu yetu?"

"Ulimtaja, mama. Baada ya watu wote."

"Kwa nini uliniweka mwisho?" Kokushubila aliuliza, na sasa alikuwa analia. "Ungeniweka mbele, na wenzangu. Ningesikia."

"Kwa sababu neno la mwisho ndilo mtu anaondoka nalo," alisema Edvina. "Nilitaka wakizima redio, wawe wamebaki na wewe." Akavuta pumzi. "Mwana wange, nilikuangalia barabarani mpaka wakafukia. Nilikulaani. Mungu anisamehe, nimekulaani siku zote hizi."

Mzee wa ukoo aliwaita watoto wa Rugaibula wasimame. Mutalemwa alisimama. Kokushubila alisimama. Mutalemwa aliangalia pembeni, lakini hakuna aliyemwambia dada yake akae. Hilo lilipatikana. Liandikwe kwamba lilipatikana.

Baadaye Edvina alimpeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshasakafiwa, laini, msalaba umeshasimikwa. Kokushubila aliinama akachota udongo kwenye shina la mgomba, akasimama nao. Alitafuta pa kuutupa. Hapakuwa na shimo. Akaufungua mkono, na udongo ukabaki juu ya saruji, donge dogo jeusi. Mvua ikinyesha ingeuosha. Yunus alikuwa amesimama mbali kidogo. Alisikia ulivyoanguka, akajua umeanguka juu ya kitu kigumu.

*

Jumatatu Kaijage alimwambia Yunus, kupitia kwa Safina, kwamba ofisi inahitaji mwandishi anayeona. Joackim aliondolewa hewani kwa utovu wa nidhamu. Kokushubila alituma dagaa Nyanga, gunia lililoshonwa vizuri, pasipo maneno. Safina anashona mpaka mgongo unamuuma, maana sasa cherehani ndiyo inayolisha nyumba, na Yunus huketi karibu naye akimtilia uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi.

Kwenye kile chumba cha redio amewekwa msichana mwenye macho mazuri. Anatumia skripti ileile ya Yunus na kompyuta ileile. Toleo lililorekebishwa lipo, ni la bure, linangoja kubonyezwa, na hakuna aliyelibonyeza, kwa sababu aliyejua kuliweka amefukuzwa kabla hajaliweka, na Kaijage anadhani mashine ilishapona yenyewe. Kisanduku chekundu kinatokea kila tangazo. Msichana anakifunga. Mtangazaji mpya naye anajua kwa moyo maneno ya ndugu, jamaa na marafiki.

Kwa hiyo usiniletee pole. Inuka. Ukisikia tangazo limeishia kwa marafiki wote popote walipo, piga simu redioni, uliza: wa mwisho ni nani? Uliza mpaka waudhike. Uliza mpaka waweke toleo lililorekebishwa na wamrudishe mtu wao. Na hicho kisanduku kilichoko mbele yako, kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye simu yako, hicho ambacho kidole chako kimeshakizoea, usikifunge leo. Kisome. Andika ulifanya nini, ulitarajia nini, ulipata nini. Mtumie anayehusika, ukatae kuambiwa yamekwisha. Fanya sasa, ukiwa bado umekaa hapo hapo, kwa maana yuko mtu mahali fulani ameinama juu ya kazi yake, anasikiliza, anangoja jina lake.